Vanila nyumbani: jenga banda la neti, si la nailoni

Ukitaka kuotesha vanila ndani ya banda hapa Unguja au Pemba, weka kando fikra ya nailoni. Joto tunalo la kutosha, na kaskazi inapovuma jua kali, ndani ya nailoni majani hubabuka hata ukimwagilia kutwa. Mmea huu unataka kivuli cha nusu, unyevu hewani na upepo unaopita. Itazame vanila inavyoparamia miti kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani: mizizi imelala juu juu kwenye majani yaliyooza, shina limeukumbatia mti. Hali hiyo ndiyo ya kuiga.

Banda la mita 3 kwa 4, kimo mita 2.5, linatosha miche minane. Juu tandika neti ya kivuli ya asilimia 50, yaani inayozuia nusu ya jua, na upande wa magharibi uteremshe neti hadi chini, maana jua la alasiri ndilo linalounguza. Kila mche upate nguzo yake ya mita 1.5, iliyovikwa usumba ili mizizi ya hewani ipate pa kushika. Nguzo isizidi kimo hicho: ua usilolifikia kwa mkono hutalichavusha.

Tuta liwe na kina cha sentimita 30, limezungushiwa matofali, chini kokoto. Jaza makumbi yaliyokatwakatwa sehemu mbili, majani yaliyooza sehemu moja, na samadi iliyoiva vizuri, kidogo tu. Samadi mbichi huunguza mizizi. Usichukue makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba, yamejaa chumvi. Hata ya shambani yaloweke kwenye maji baridi na kuyabadilisha mara tatu. Kisima chako kikiwa cha maji ya chumvi, kinga maji ya mvua.

Chagua kipande cha rando, yaani shina linalotambaa, chenye urefu wa mita moja, kutoka mmea usio na doa. Vaa glavu, utomvu wake unawasha. Kiweke kivulini wiki moja hadi mbili mpaka jeraha likauke, kisha ng'oa majani matatu au manne ya chini. Laza sehemu hiyo juu ya tuta, ifunike kwa sentimita 3 tu za makumbi, lakini ncha iliyokatwa iache nje. Ukiifukia, uozo unaingilia hapo. Sehemu iliyobaki ifunge kwenye nguzo kwa kamba laini.

Kinachoua vanila nyingi ni maji, si ukame. Mizizi ikikaa kwenye tope, ukungu wa fuzari huishambulia: huwa kahawia, rando linakunjamana, na mwenye nayo akiona limenyauka huzidisha maji. Chimbua kwa kidole kwanza. Makumbi yakiwa bado na unyevu sentimita mbili chini, usimwagilie. Masika huenda usimwagilie kabisa. Mizizi ikishaoza, kata juu, kwenye sehemu ya shina isiyooza, uanze upya kwenye tuta jingine.

Rando likifika juu ya nguzo, literemshe lining'inie. Maua hutoka zaidi kwenye sehemu inayoning'inia. Tarajia ya kwanza mwaka wa tatu hivi.

Ua hufunguka alfajiri na kunyauka mchana wa siku hiyohiyo. Kwao Mexico wapo nyuki wa kulichavusha. Huku ni mkono wako, kwa mbinu aliyoibuni Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, mwaka 1841. Chonga kipande cha chelewa kiwe na ncha butu. Shika ua kwa nyuma kwa mkono wa kushoto, chana mdomo wake upande mmoja. Ndani utaona kijinguzo cheupe: juu yake chavua ya manjano, chini sehemu inayonata, na katikati utando mwembamba unaozitenganisha. Inua utando kwa chelewa, bonyeza chavua kwa dole gumba ishuke kwenye ule unato, chomoa chelewa taratibu. Ua lililoshika hunyauka lakini halidondoki. Lisiloshika huanguka baada ya siku moja au mbili.

Usichavushe yote. Kila kichala kibakishe maganda, yaani matunda yake, sita hadi manane, yaliyoelekea chini ili yanyooke, na mwaka wa kwanza vichala vichache tu; mmea ukizidiwa, msimu ujao hautoi. Ganda hukomaa baada ya miezi tisa hivi. Vuna ncha yake inapoanza kugeuka manjano, moja moja kila siku chache, kabla halijapasuka.