Kabla Hujaenda Korea kwa Kozi ya Kiangazi

Kila mwaka ikikaribia Aprili, vijana waliopata nafasi ya kozi ya kiangazi kwenye vyuo vya Korea Kusini huniandikia kuniuliza wabebe nini. Ni zile kozi za wiki tatu hadi sita: asubuhi unakaa darasani, mchana unapelekwa kwenye makasri ya wafalme, unafundishwa kupiga ngoma za samulnori, unakanda kimchi, ile kabichi yao ya kuchachushwa yenye pilipili, kwa mikono yako na kuvaa hanbok, vazi lao la jadi. Mimi nilikwenda nikitokea Tanga, nikakaa Seoul mwezi mzima, na karibu nusu ya mwezi ule nilikuwa na njaa. Kwa hiyo soma yote, na sehemu ya chakula isome mara mbili.

Viza kwanza. Mwenye pasipoti ya Tanzania anaihitaji, basi anza maombi siku ileile barua ya mwaliko inapofika. Kama safari yako inalipwa na michango ya ndugu, usiiweke benki yote kwa mkupuo mmoja wiki ya mwisho. Ofisa anayesoma taarifa ya akaunti akikuta mamilioni yameingia juzi, lazima ajiulize yametoka wapi. Afadhali mjomba au shangazi anayekudhamini aandike barua na kuambatanisha taarifa yake ya benki. Halafu tafuta kwenye masharti ya ada tarehe ya mwisho ya kurudishiwa pesa. Ukiona inapita kabla hujapata majibu ya viza, waandikie chuo waulize itakuwaje ukinyimwa, na jibu lao litunze.

Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita mbele. Mkuu wa idara yako akubali kwa maandishi, kabla hujaondoka, kwamba kozi utakazosoma huko zitahesabiwa ukirudi.

Umeme wao ni volti 220, karibu sawa na wetu, ila soketi zina matundu mawili ya duara, kwa hiyo nunua adapta huku huku. Pakua Naver Map au KakaoMap, kwa sababu Google Maps kwa miaka mingi imekuwa haitoi maelekezo ya kutembea kwa miguu ndani ya Korea. Pakua pia KakaoTalk, programu yao ya kutumiana ujumbe. Matangazo ya kozi, mabadiliko ya ratiba na hata basi linaondokea wapi, vyote hupitia humo. Kadi ya benki inakubalika karibu kila duka, lakini usikae bila noti za woni, maana kadi ya T-money ya treni na basi mara nyingi huongezewa salio kwa pesa taslimu.

Usidanganywe na neno kiangazi. Kwetu kiangazi ni jua na vumbi. Kule, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi kuelekea mwisho wa Julai ni msimu wa mvua wanaouita jangma, na mvua hiyo hushuka kwenye joto la nyuzi thelathini na kitu. Mtu wa pwani fukuto hilo analijua. Anayetoka Mbeya au Njombe ajiandae: nguo nyepesi zinazokauka upesi, mwavuli, na viatu vinavyovumilia maji.

Jifunze kusoma Hangul, maandishi yao, kabla hujapanda ndege. Sisemi ujifunze Kikorea chote. Nasema herufi tu, 14 za konsonanti na 10 za vokali, alizozibuni Mfalme Sejong mwaka 1443 na kuzitangaza 1446 ili raia wa kawaida waweze kusoma. Wiki moja, nusu saa kila jioni, inatosha. Mimi niliacha nikisema nitajifunza nikifika, na hapo ndipo yaliponikuta.

Jumamosi ya pili tulipelekwa Suwon kuona ngome ya Hwaseong. Basi liliondoka alfajiri, na kila mmoja akapewa gimbap, ule wali uliokunjwa ndani ya mwani na kukatwa vipande vya duara, umefungwa kwa karatasi ya foili. Mimi ni Mwislamu. Nilimuuliza mwanafunzi aliyekuwa akituongoza kwa maneno machache niliyoyakariri: gogi isseoyo? Kuna nyama? Akacheka kwa furaha kuona najaribu lugha yake, akasema hakuna. Nikala. Nilipofika nusu kukapambazuka, nikakitazama kipande kilichobaki mkononi: figili ya njano, yai, karoti, mchicha, na katikati ukanda mwembamba wa waridi, laini kama raba. Nikamwonyesha. Akasema, aa, hiyo ni haem. Ni hamu, nyama ya nguruwe iliyosindikwa.

Hakunidanganya. Hilo nataka ulielewe vizuri. Kwa watu wengi wa kule, gogi ni nyama yenyewe inayochomwa mezani. Hamu na soseji wanazihesabu kama viungo, wala haziwajii akilini ukiuliza kama kuna nyama. Yule kijana alipotambua alichonilisha alibaki ameinamisha kichwa njia nzima. Na mimi niliizunguka ngome ya mwaka 1796 bila kuona kitu.

Kosa langu kubwa likaja baadaye: nilinyamaza. Niliacha kula chochote nisichokijua, na kwa kuwa sikuweza kusoma hata maandishi ya kwenye pakiti, nisichokijua kilikuwa karibu kila kitu. Nikawa naishi kwa ndizi, mayai ya kuchemsha na wali mweupe wa duka la kona. Siku ya tano au ya sita, kwenye mazoezi ya taekwondo, macho yakaingia giza nikajikuta nimekaa sakafuni. Mratibu wa kozi akaniweka pembeni, akafungua fomu yangu ya maombi. Kulikuwa na nafasi ya kuandika chakula usichokula. Niliiacha wazi kwa sababu sikutaka kuonekana msumbufu. Akaniambia kwa upole kwamba chakula cha safari waliagiza kwa kufuata fomu zile, na wenzangu wawili waliojaza walikuwa wakipewa gimbap yao ya mboga tangu siku ya kwanza. Walikuwa viti vitatu mbele yangu kwenye basi lilelile.

Kwa hiyo jaza ile nafasi. Andika kila kitu, hata kama unaona aibu. Kisha tengeneza kadi, na usitumie neno nyama peke yake. Kitaje kitu kimojakimoja. Yangu niliandikiwa na mwenzangu wa bwenini: 저는 돼지고기, 햄, 소시지를 못 먹어요. Maana yake, mimi siwezi kula nyama ya nguruwe, hamu wala soseji. Mwenye mzio wa kamba au samaki naye aandike, kwani kimchi mara nyingi hutiwa uduvi wa chumvi au mchuzi wa samaki, hata ikionekana ni kabichi tupu.

Siku niliyoipeleka kadi hiyo kantini, mama aliyekuwa akigawa chakula aliisoma akifuatisha kwa kidole. Wanafunzi humwita imo, neno lao la mama mdogo, nami nikamwita hivyo. Akaonyesha sufuria ya kwanza, akatikisa kichwa. Ya pili, akatikisa. Akaniashiria nisubiri, akaingia jikoni, akatoka na bakuli la wali, mayai mawili ya kukaanga na samaki mzima. Tangu siku ile, kila aliponiona kwenye foleni alikuwa akiwahi kuniashiria kwa mkono.

Nyama halali ipo. Shuka kituo cha Itaewon, panda kilima hadi msikiti mkuu wa Seoul uliofunguliwa mwaka 1976. Mitaa ya kuuzunguka ina mikahawa na maduka ya halali. Na kama kozi yenu ina usiku wa kulala kwenye hekalu la Kibudha, nenda hata kama unaogopa kuamshwa kabla ya alfajiri. Chakula cha hekalu hakina nyama, samaki, vitunguu wala vitunguu saumu. Tulikula kila mmoja na mabakuli yake manne, kimya, na mwishoni kila mtu akasuuza bakuli kwa kipande cha figili na maji ya moto, asibakize hata punje. Ndiyo milo niliyokula kwa amani kuliko yote. Kuhusu kusujudu mbele ya sanamu, mwambie mwongozaji mapema kwamba utakaa pembeni ukiangalia. Nilisema, na hakuna aliyekasirika.

Pombe itakuja mezani kila mkitoka usiku. Kataa mapema na kwa tabasamu, omba kinywaji kingine, na ukinyooshewa glasi na mkubwa ipokee kwa mikono miwili hata kama ni ya maji. Adabu zao hazitakushinda kama umelelewa kwa shikamoo: mkubwa anaanza kula, kitu kinapokewa kwa mikono miwili, viatu vinabaki mlangoni. Ila usichomeke vijiti vya kulia wima ndani ya wali, maana hivyo hufanyika kwenye matambiko ya wafu, na usipenge kamasi mezani hata pilipili ikikuzidi.

Kasri la Gyeongbokgung hufungwa Jumanne, na ukivaa hanbok hulipi kiingilio. Ziara ya mpakani na Kaskazini inataka pasipoti yenyewe, nakala haitoshi. Takataka za bwenini zinatenganishwa, na mabaki ya chakula yana pipa lake; uliza siku ya kwanza. Andika namba hizi mahali nje ya simu: 119 zimamoto na gari la wagonjwa, 112 polisi, 1330 msaada kwa wageni. Dawa unazotumia zibebe na cheti cha daktari, zikiwa kwenye paketi zake. Usimkopeshe mtu pesa uliyemjua wiki ile. Usitembee peke yako usiku simu ikiwa imebakiza chaji kidogo. Na mwambie mama kwamba Seoul iko mbele yetu kwa saa sita, ili usipojibu saa tatu usiku ya kwetu ajue kwako ni saa tisa ya usiku na umelala.