Ukitoka Lamu kwenda kusomea sanaa na usanifu

Wadogo zangu wa hapa Lamu huniuliza wajiandae vipi kwa masomo ya sanaa na usanifu (yaani design, si ujenzi wa majengo) chuo kikuu. Jibu langu ni moja: chora unachokipita kila siku, na ukichore kwa kipimo.

Chukua penseli za HB, 2B na 6B, kutoka ngumu hadi laini, na daftari lisilo na mistari, ukakae mbele ya mlango wa nakshi pale Mkomani. Usikimbilie maua. Anza na umbo zima: miimo miwili, kizingiti cha juu, na mfaa, ubao wa wima unaokaa katikati. Nyoosha mkono, fumba jicho moja, utumie penseli kupima upana wa mlango unaingia mara ngapi katika urefu wake. Vipimo vikikaa sawa, tafuta kipande cha nakshi kinachojirudia. Ukikipata hicho, umepata mlango mzima. Kisha rudi saa nyingine. Jua la adhuhuri huangusha vivuli chini, na la alasiri, pale linapofika kichochoroni, huonyesha kina cha mchongo.

Nyumbani, tandaza kanga ya mama sakafuni. Tazama pindo linavyoubana mji, yaani sehemu ya katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa, lilivyopewa nafasi yake. Nakili mpangilio huo, halafu ubadilishe rangi tu, mara kadhaa. Sijui somo bora kuliko hilo la mpangilio, nalo ni la bure.

Michoro ya majaribio usiitupe. Iweke kwenye jalada pamoja na kazi zilizokamilika, maana ndiyo inayoonyesha unavyofikiri. Michoro ya majahazi ya machweo tunayowauzia wageni, weka mmoja, basi.

Kenya, shahada za fani hii zinapatikana Kenyatta, Nairobi na Maseno, miongoni mwa vyuo vingine. Shahada huanzia C+ ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, lakini kila kozi ina masomo yake inayoyataka, kwa hiyo yasome kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, kabla ya kuchagua. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, uombe mapema. Karatasi na rangi hununuliwa mwaka mzima.

Jambo zito zaidi ni kujadiliwa. Kazi yako hutundikwa ukutani, mwalimu na wenzako wakaichambua ukiwa umesimama papo hapo. Sisi tuliofunzwa kunyamaza mbele ya wakubwa hutuchoma sana. Jizoeze huku huku: mpelekee fundi wa nakshi mchoro wako, umweleze ulitaka nini, umefanya nini, na wapi hapajakaa. Msikilize mpaka amalize. Usijitetee.

Kompyuta ikipatikana, Krita, GIMP na Inkscape ni programu za bure. Kumbuka tu kwamba buluu inayong'aa kwenye skrini hufifia ikichapwa, kwa hiyo chapa kipande cha majaribio kwanza.

Siku ya safari, karatasi kubwa zizungushe ndani ya paipu ya plastiki yenye vifuniko pande zote mbili. Boti ya Mokowe hurusha maji.