Sifa zije baadaye, tazama mikono kwanza

Mama mmoja aliufunga mkanda wa mashine ya kupimia presha kinyume, bomba likielekea begani, akabonyeza kitufe mara tatu, kisha akaniambia, “Rahisi sana hii, mwanangu.” Hakusema uongo, alinistahi. Tangu siku ile, ninapojaribu bidhaa na watumiaji ili nijue kama inatumika kwa urahisi, sianzi kwa kumuuliza mtu ameionaje.

Mpe haja, si maelekezo. Badala ya “bonyeza cha kijani”, sema: “Umeamka kichwa kinauma, unataka kujua presha yako.” Kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa, maana mtu akikwama hukutazama usoni, na roho inakusukuma umsaidie. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Akiuliza, “Nibonyeze hapa?” mjibu, “Ungekuwa peke yako ungefanyaje?” Mwombe aseme anachowaza huku akifanya, ila siku unayopima muda usimsemeshe, kwa kuwa maneno hubadilisha kasi ya kazi.

Andika kama amefika mwisho, ametumia muda gani, na mkono ulisita wapi. Kuridhika kuandike kando. ISO 9241-11, kiwango cha kimataifa kuhusu urahisi wa matumizi, nacho hutenganisha kufikia lengo, rasilimali zinazotumika (kama muda na nguvu) na kuridhika. Mama yule aliridhika kabisa, na kipimo chake hakikuaminika.

Dodoso lije mwisho. Mimi hutumia SUS (System Usability Scale), dodoso la urahisi wa matumizi alilolitunga John Brooke mwaka 1986: sentensi 10, kila moja hujibiwa kwa 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa), na jumla hugeuzwa kuwa alama kuanzia 0 hadi 100. Alama hizo si asilimia. Wastani unaotajwa sana ni 68. Sentensi moja husifu, inayofuata hulaumu, kwa hiyo aliyejaza 5 kila mahali huenda hakuzisoma. Kaa naye, mpitie upya.

Kuhusu idadi, watu watano wa aina moja watakuonyesha kasoro nyingi. Wasikufanye utangaze kwamba “asilimia 80 wanaiweza”; kwa watu watano, huyo ni mtu mmoja tu aliyeshindwa. Kama wazee na vijana wote wataitumia, tafuta watano kila upande.

Halafu rudi baada ya wiki kadhaa. Mama yule nilimkuta mashine ameifungia kabatini. Betri zilikuwa zimekwisha, na kile kialama kilichomulika kwenye kioo alidhani ni presha yake imepanda.