Somo: Kutambua faili la maandishi na la bainari kabla ya kuingiza data

Wakuu, msimu wa kahawa umefika hapa Moshi, na makarani wa vyama vya msingi wanatumiana orodha za wakulima kwa WhatsApp na flashi. Programu ya kuingizia data ikikataa orodha, anayecheleweshewa malipo ni mkulima. Naomba sana, msiamini jina la faili. Tazameni kilichomo: ni maandishi yanayosomeka, au ni bainari, yaani data ya kompyuta isiyosomeka kwa macho.

Hatua ya 1. Toa nakala, ufanyie kazi hiyo. Faili lenyewe usiliguse.

Hatua ya 2. Fungua nakala kwa Notepad. Usitumie Excel, kwa sababu yenyewe hufungua aina zote mbili na tofauti hutaiona. Ukikuta majina na kilo vimetenganishwa kwa koma, hayo ni maandishi. Ukikuta vijisanduku na alama zisizosomeka, ni bainari.

Hatua ya 3, ambayo ndiyo kiini cha somo: soma herufi za mwanzo kabisa. Ukiona PK, hilo ni faili la zip (mafaili yaliyofungashwa pamoja), na faili la xlsx, yaani la Excel, ni zip iliyobeba mafaili ya XML (maandishi yenye alama za mpangilio) ndani yake. Ukiona %PDF, basi ni PDF. Mtu anaweza kuliita wakulima.csv, lakini PK itabaki palepale. Lifungue kwa Excel, kisha ulihifadhi upya kama CSV UTF-8 (orodha ya maandishi yenye koma, herufi zake zikiandikwa kwa mfumo wa UTF-8). Kubadili jina peke yake hakusaidii kitu.

Wanaotumia kompyuta za Linux, andikeni amri hii: file wakulima.csv, jibu mtalipata papo hapo.

MASWALI

Kibosho: Shikamoo mwalimu. Langu linasomeka vizuri Notepad, ila programu inang'ang'ania kuwa ni bainari.

Jibu: Marahaba. Bila shaka limehifadhiwa kwa UTF-16, mfumo mwingine wa kuandika herufi. Humo kila herufi yetu ya kawaida huchukua baiti (vipande vidogo vya data) mbili, moja ikiwa sifuri, na programu nyingi zikikuta baiti ya sifuri huhesabu faili zima kuwa bainari. Nenda Save As, kwenye Encoding chagua UTF-8.

Machame: Namba za simu zimepoteza sifuri ya mwanzo. Ni bainari hiyo?

Jibu: Hapana dada. Excel imezisoma kama tarakimu za hesabu. Ukishahifadhi hivyo, sifuri haipo tena, rudi kwenye faili la awali. Safari hii ingiza kupitia menyu ya Data, na safu ya simu uipe aina ya Text.

Marangu: Nimehifadhi CSV UTF-8 kama ulivyoelekeza, sasa programu haiitambui safu ya kwanza.

Jibu: Excel huweka baiti tatu mwanzoni, EF BB BF, ambazo Notepad haikuonyeshi, nazo hushikamana na jina la safu ya kwanza. Hifadhi tena kwa Notepad, uchague UTF-8 tupu, si ile yenye BOM, ndizo baiti hizo tatu.