Ukiigiza mchoraji wa 1901, acha biro nyumbani
Mkiigiza reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, enzi mji unaitwa Port Florence, na wewe ndiye mchoraji, usije na biro wala kichongeo cha plastiki. Beba penseli ya mbao na kisu kidogo. Chonga mbele ya watu polepole, ukisukuma ubapa kwa kidole gumba. Watoto watajaa hapo kuliko kwenye garimoshi lenyewe. Kufuta, finyanga sehemu laini ya mkate. (Wangu niliwahi kuula na chai kabla ya onyesho.) Karatasi ifunge ubaoni kwa uzi, maana upepo wa ziwa mchana hauna adabu. Kama mkono wako si mwepesi, chora nyumbani mistari hafifu, pale uwe unaikoleza tu.