Mjusi wako anachimbachimba usiku? Soma hapa kabla hujapaniki

Sisi tunaofuga leopadi geko (mjusi mwenye madoa kama chui) huku Ujerumani tunaijua ile sauti, saa saba usiku nyumba imetulia alafu unasikia kwaru kwaru kwaru kwenye pembe ya tangi analoishi, ukimulika tochi unamkuta bibie anarusha udongo nyuma kama kuku kwenye jaa. Wangu alivoanza nikadhani anataka kutoroka, kila asubuhi nafukia mashimo napanga upya, kumbe namvurugia shughuli yake.

Kwanza jua kama ni jike au dume. Muweke kwenye kontena la plastiki linaloonyesha umwangalie kwa chini, dume ana vidoti vimejipanga kama V juu ya tundu la haja na vivimbe viwili pale mkia unapoanzia. Dume akichimba mara nyingi joto limezidi au hana pa kujificha, pima chini, upande wa moto uwe kama digrii 32 na ule wa baridi 25 hivi, basi.

Jike ndo habari yenyewe, na hapa watu wanabishaga sana. Jike anataga hata kama hajawahi kuona dume maisha yake yote, si kuku wa mayai nao wanataga bila jogoo? Hayo mayai hayaanguliwi tu. Ukimwangalia tumbo kwa chini utaona vitu viwili vyeupe vinaonekana kwenye ngozi, kimoja kila upande. Anaweza kugoma kula siku kadhaa, na anachimba hapa anaacha, anachimba pale anaacha.

Mjusi kafiri wa nyumbani kwetu yai lake lina gamba gumu, analiacha nyuma ya fremu ya picha ukutani maisha yanaendelea. Huyu leopadi geko asili yake ni nchi kame za Pakistan na Afghanistan, yai lake laini kama ngozi, likikaa kwenye hewa kavu linanyauka, ndo maana anatafuta udongo wenye unyevu na asipoupata atachimba mpaka achoke.

Kwahiyo mtengenezee sehemu. Kontena lenye mfuniko, kubwa ajigeuze ndani, toboa tundu la kupita na tumbo lake hilo, jaza makumbi ya nazi yaliyosagwa kina cha sentimita 8 mpaka 10 (nayanunua kwa euro yamegandamizwa kama tofali, kwetu Tanga makumbi ni kuni, mama alicheka mpaka akakata simu). Lowesha, kamata konzi ukamue: yashikane ila maji yasidondoke. Weka sehemu ya vuguvugu, sio pale pa moto kabisa, alafu muache. Usifunue kila saa jamani.

Ukimuona asubuhi tumbo limelegea ngozi inaning'inia, ameshataga na kufukia. Mpe maji, na nyenje waliopakwa unga wa kalsiamu maana mayai yamemkausha, na usishangae akirudia baada ya wiki kadhaa. Fukua taratibu kwa vidole, kawaida ni mayai mawili. Kama hajakutana na dume tupa. Kama alikutana naye, weka alama ya penseli juu ya yai kabla hujalinyanyua na usiligeuze tena, kitoto ndani kinaweza kufa. Kwenye inkubeta (mashine ya kuangulia mayai) joto ndo linaamua jinsia, digrii 26 mpaka 28 wengi wanatoka majike, karibu na 32 wengi madume.

Kitu cha kuogopa ni yule anayejikamua hatoi kitu, au mayai unayaona kabisa tumboni ila kaacha kuchimba, kalegea, macho yameingia ndani. Hapo mpeleke kwa dokta wa wanyama siku hiyohiyo, tena uliza kabla kama anatibu mijusi coz wengi wao wanatibu mbwa na paka tu. Na usimminye tumbo eti umsaidie, yai likipasukia ndani umempoteza.