Kabla ya Kuandika Mpango Mkakati wa Shule ya Uuguzi Huku Kusini, Anzia Leba

Chuo kikikuteua kwenye kamati ya mpango mkakati wa shule ya uuguzi, ule wa miaka kumi au kumi na mitano, kitu cha kwanza utakacholetewa ni karatasi yenye dira, dhamira na maadili ya msingi. Iweke pembeni. Hayo yataandikika jioni moja. Kuna mambo ambayo yasipotazamwa kabla ya rasimu ya kwanza, wanaokuja kuumia ni wanafunzi na akina mama wodini, wala si waliotia saini. Nimefundisha uuguzi Mtwara na Lindi muda wa kutosha kuyaona.

Ithibati kwanza. Shahada ni ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, cheti na diploma ni za NACTVET, baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, na taaluma yenyewe iko chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo ndilo linalosajili na kutoa leseni. Mkitaka kufundisha ngazi zote, wekeni watu wa kushughulikia pande zote tatu tangu mwanzo.

Ardhi iwe na hati yenye jina la chuo, si barua ya serikali ya kijiji. Maji: chimba kisima na jenga matangi ya kuvuna mvua, hasa ukiwa kule juu Newala au Tandahimba ambako maji ni shida ya miaka yote. Umeme: jenereta au sola, na hapo usibishane na mtu.

Halafu kaa na kalamu upige hesabu ya miaka. Mwanafunzi wa shahada anayeingia 2026 atasoma miaka minne, kisha atafanya utarajali, yaani kazi chini ya uangalizi hospitalini, mwaka mmoja. Utamwona kazini na leseni yake mwaka 2031 hivi. Mpango wa miaka mitano kwa shule ya shahada unakwisha kabla wahitimu wake wa kwanza hawajavaa sare ya kazi. Andika wa miaka kumi walau, na uweke vituo vya kujipima katikati.

Walimu nao wana hesabu yao. Ukimpeleka mkufunzi wako msaidizi kusoma uzamili mwaka wa kwanza wa mpango, kisha uzamivu, hutamwona darasani akiwa daktari wa falsafa kabla ya mwaka wa sita au wa saba. Kwa hiyo fedha ya kusomesha ikae mwaka wa kwanza, isisubiri jengo liishe. Mkataba wa kurudi kukitumikia chuo usainiwe kabla hajapanda basi, na ndani yake iandikwe atakaa nyumba gani akirudi. Wengi wanaokwenda kusoma Dar es Salaam au Dodoma hupata kazi hukohuko, na huwezi kuwalaumu kama hukuwaahidi hata chumba.

Suala la ajira litazame kwa uaminifu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 dunia ilipungukiwa wauguzi milioni 5.8. Nenda zahanati za pembezoni za Liwale au Nanyumbu, upungufu huo utaukuta. Lakini upungufu si nafasi ya kazi. Anayeajiri wengi ni Serikali, nayo huajiri kwa kibali na bajeti ya mishahara, na wapo vijana wenye leseni wanaojitolea hospitalini huku wakisubiri tangazo. Aliyeandika kwamba soko lipo kwa sababu upungufu upo, hajakaa na mhitimu. Kaulize halmashauri zina ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa, ya watu wangapi na zimejaza wangapi. Kaulize hospitali za misheni zinatafuta muuguzi wa aina gani: wa watoto wachanga, wa usingizi, wa afya ya akili. Majibu hayo ndiyo yakuchagulie kozi.

Sasa jambo lenyewe. Uwezo wa shule ya uuguzi unapimwa wodini. Kuna chuo kimoja, sitakitaja, kilijenga ghorofa nzuri, kikanunua midoli ya mazoezi bora kuliko niliyowahi kuiona huku, kisha kikaongeza udahili. Kwenye mpango wao, mafunzo kwa vitendo yalipewa sentensi moja: wanafunzi watafanya mazoezi katika hospitali ya karibu. Barua ya hospitali ya kukubali ilikuwepo, imegongwa muhuri. Ambacho haikusema ni kwamba vyuo vingine viwili vilikuwa na barua kama hiyohiyo.

Asubuhi moja niliingia leba kumsimamia mwanafunzi wangu. Kitandani alikuwepo mama mmoja tu, uchungu umeshakolea. Waliomzunguka walikuwa wanafunzi wa vyuo vitatu, kila chuo na rangi yake ya sare, kila mmoja na daftari lake la mazoezi kwapani. Daftari hilo ndilo linalotiwa sahihi na mkunga kila unapozalisha chini ya usimamizi, na usipofikisha idadi iliyowekwa hujakamilisha mafunzo. Walikuwa wakibishana kwa kunong'ona zamu ni ya nani. Mama akavuta kanga akajifunika uso. Mkunga wa zamu, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, akasema bila kupandisha sauti, "Wanangu, tokeni wote. Abaki mmoja." Akabaki mmoja, na hakuwa wangu. Wengine wakaenda kukaa kwenye benchi la nje mpaka mchana. Hakuja mama mwingine.

Mwisho wa mwaka wapo waliomaliza mitihani ya darasani huku madaftari yao yana mapengo. Hosteli ikafungwa. Wakabaki mjini, wamepanga chumba kimoja watu wanne, wakijipikia na kwenda leba zamu za usiku kutafuta sahihi. Binti mmoja wa mkulima wa Ruangwa, mwenye alama za juu kabisa darasani, alinipigia simu. "Shikamoo mwalimu. Unakijua kituo chenye akina mama wengi? Nimebakiza wanne tu." Nilimwelekeza kituo cha afya cha wilaya nyingine, kwa mkunga niliyemfundisha zamani. Akapokewa, akalala kwa ndugu wa mkunga huyo, akamaliza wale wanne upesi kuliko alivyotegemea. Nauli na chakula vilitoka kwa baba yake, ambaye alikuwa ameshalipa ada yote.

Kwa nini kituo kidogo kilikuwa na akina mama na hospitali kubwa haina? Kwa sababu takwimu zilizotumika kwenye mpango zilikuwa za zamani. Miaka ya karibuni Serikali imejenga na kupanua vituo vya afya katika kata nyingi, vingi vikiwa na chumba cha upasuaji, na hospitali mpya za halmashauri zimefunguliwa. Mama mwenye mimba isiyo na tatizo hana haja tena ya kupanda bodaboda mpaka mjini. Hospitali za rufaa, iwe Ligula ya Mtwara, Sokoine ya Lindi au ile ya kanda pale Mitengo, Mtwara, kazi yake ni kupokea wenye matatizo. Huko mwanafunzi atajifunza kifafa cha mimba, kutokwa damu na upasuaji, na ni lazima ajifunze. Lakini uzazi wa kawaida, ambao ndio mkono wa mkunga unapojengeka, umehamia kata.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kuandika idadi ya wanafunzi popote, omba ruhusa kwa mganga mkuu wa wilaya, nenda kila kituo unachokitegemea, ufungue kitabu namba 12 cha MTUHA, mfumo wa kuweka taarifa za huduma za afya, kile cha wodi ya wazazi. Hesabu waliojifungua kawaida, mwezi kwa mwezi, mwaka mzima, maana miezi haifanani. Uliza ni wangapi walijifungua usiku, kwa sababu mwanafunzi asiye na usafiri wa usiku hao hatawaona. Kisha gawa kwa wanafunzi wote watakaokuwepo, wa chuo chako na wa vyuo vingine. Jibu ndilo udahili wako. Likiwa dogo kuliko bodi ilivyotaka, waoneshe kitabu.

Hesabu pia wakunga kwa zamu. Kituo chenye mkunga mmoja usiku hakiwezi kupokea wanafunzi sita. Atakayeumia ni mama. Nenda hospitali za Ndanda na Nyangao, ambako misheni imetibu watu kwa vizazi, ila uliza kwanza wanao wanafunzi wangapi tayari.

Hati ya makubaliano iandikwe kwa tarakimu: wanafunzi wangapi kwa awamu moja, wiki ngapi, nani anasimamia, chuo kinaleta nini. Glovu ziandikwe. Wanafunzi wanamaliza glovu, na muuguzi mfawidhi aliyeishiwa glovu kwa ajili ya wageni hatawapenda wageni hao, wala simlaumu. Malazi vijijini, usafiri na posho ya msimamizi viwe na fungu lake kwenye bajeti kila mwaka, sambamba na mishahara. Fungu hilo lisikatwe jengo likipanda gharama. Hapo ndipo pa kugomea hata kama umebaki peke yako kikaoni.

Turudi kwenye fedha. Wazazi wengi wa huku hupata fedha ya mwaka kwenye minada ya korosho, kuanzia Oktoba hadi karibu Januari, kupitia chama cha msingi cha ushirika na stakabadhi ghalani, yaani mkulima hupeleka korosho ghalani, hupewa risiti, na hulipwa baada ya mnada. Mwaka wa masomo nao unaanza Oktoba au Novemba, korosho ipo ghalani na benki hamna kitu. Na kuna miaka mibaya. Mwaka 2018 bei ya mnadani ilikataliwa, Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakavuka mwaka bila kulipwa. Ratiba ya ada ifuate mnada, na chuo kiwe na akiba ya kujiendesha muhula mzima. Usimwondoe mwanafunzi wodini mwezi wa kumi na moja kwa ada ambayo mama yake atailipa Januari. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu pia usiihesabu kana kwamba kila mwanafunzi ataipata, na yote.

Idadi ya wanafunzi usiifunge kwenye mradi mkubwa. Mtwara tuliona kodi za nyumba zikipanda kwa matumaini ya gesi, kisha wageni wakapungua na vyumba vikabaki vitupu. Kiwanda cha kusindika gesi kule Likong'o, Lindi, kimezungumzwa zaidi ya miaka kumi sasa. Kikija, ongeza sura kwenye mpango.

Barabara: Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, na mizigo ikasimama. Weka stoo ya vifaa vya kutosha muhula mmoja, na wanafunzi wasianze mazoezi vijijini katikati ya masika.

Mengine ni uangalifu wa kawaida. Mfadhili akiahidi, subiri maandishi, na hata yakija usimwajiri mtu wa kudumu kwa fedha ya miaka mitatu. Wakuu wa idara huhamishwa, basi makubaliano yawe ya ofisi na nakala zikae zaidi ya sehemu moja. Usichukue mpango wa chuo cha mkoa mwingine ukabadilisha jina. Wanafunzi kutoka mbali wafundishwe walau salamu na maneno ya uchungu ya Kimakonde, Kimwera na Kiyao, kwa sababu wapo bibi ambao maumivu huyasema kwa lugha yao tu. Mpango upitiwe kila mwaka kwa tarehe inayojulikana, na takwimu za vituo zichukuliwe upya kila unapopitiwa. Na kabla rasimu haijafika kwa bodi, mpe muuguzi mfawidhi wa wodi ya wazazi aisome, mpe na mhasibu. Ukurasa wa mafunzo kwa vitendo wausome pamoja, chumba kimoja.